Chupa Katika Shimo la Shemeji

Jumamosi, 9 Agosti

Leo shemeji amenipigia hodi. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Tangu tumzike mume wangu, miaka miwili sasa, mimi na kaka yake tunaishi kama wapangaji wasiojuana. Nyumba zetu zimepakana, ukuta ni mmoja, na katikati kuna mlango mdogo wa bati. Shikamoo shemeji, marahaba shemeji, basi. Mume wangu alilazwa wiki tatu na kaka yake wa pekee hakukanyaga wodini hata siku moja. Siku ya mazishi alisimama nyuma ya watu wote na kuondoka mapema. Nilimfuta moyoni siku ile ile, nikaona hakuna haja ya kumtangazia.

Sasa leo amesimama mlangoni na ndoo. Ndani ya ndoo kuna chupa imejaa udongo.

"Shemeji, wewe ulifanya kazi na vioo. Hiki ni kitu gani?"

Nimekaa maabara ya hospitali miaka thelathini na mmoja, nikastaafu Mei. Vioo nilivyovizoea mimi ni vya kupimia damu na mkojo. Lakini nimeipokea. Ameniambia anachimbiwa shimo la tangi la maji nyuma ya nyumba yake, na kwenye futi ya tano wamekuta majivu, mifupa ya ng'ombe na vigae vya chupa tele. Hii ndiyo nzima ya kwanza.

Akaaga, akaondoka. Hakuingia, na mimi sikumkaribisha.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeiosha. Imekataa kusimama: kitako chake ni cha mviringo kama yai. Kioo kizito, kijani cha maji ya bwawa, kina viputo vidogo ndani. Nimeilaza kwenye sahani dirishani, nikakaa nayo mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 12 Agosti

Nimesoma kwenye simu. Ilikuwa ya soda. Waliitengeneza isisimame kwa makusudi, ili ilale, kizibo kilowe muda wote kisinyauke na kuachia gesi. Mtu alikaa kitako akaliwaza hilo. Nimecheka peke yangu jikoni.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepita mlango wa bati. Bawaba zimelia kama mbuzi.

Mchimbaji wa shemeji anaitwa Futi, kwa kuwa anapima kila kitu kwa futi. Mtu wa miaka arobaini hivi, mabega mapana, mdomo haupumziki. Kanionyesha ukuta wa shimo: juu udongo mwekundu, chini yake mkanda wa majivu wa kijivujivu, mnene kama godoro. "Hili lilikuwa jalala, mama. Watu wa zamani nao walikuwa wachafu, ila walikuwa na chupa nzuri."

Shemeji kasema aliyemuuzia kiwanja aliwahi kumwambia kwamba enzi hizo mtaa wote huu ulikuwa na kiwanda kidogo cha soda na duka la dawa. Aliona ni porojo za kupandisha bei.

Nimeomba nichimbe mkanda ule kabla hawajajenga. Maneno yametoka yenyewe. Shemeji amenitazama kama mtu aliyesikia redio iliyokufa ikiongea.

"Tangi linatakiwa limalizike kabla ya mvua," akasema. Kisha: "Chimba. Mwisho wa Oktoba tunajenga."

Futi amenipa masharti matatu. Usiingie shimoni peke yako. Udongo unaoutoa ukae mbali na mdomo wa shimo. Na usichimbe kwenda chini ya ukuta kama panya. "Ukuta ukiwa na tumbo wazi, mama, hauna adabu. Unakuja bila hodi."

Alhamisi, 14 Agosti

Mgongo.

Ijumaa, 15 Agosti

Mgongo, na kigae kimoja cha sahani.

Jumanne, 19 Agosti

Nimepasua chupa yangu ya kwanza, na ni kwa upumbavu. Kachupa ka dawa, kadogo kama kidole gumba, kazima kabisa. Nimekatumbukiza kwenye maji ya moto kuondoa uchafu. Kakalia tiki, kakagawanyika mara mbili mkononi. Miaka thelathini na mmoja nimewafokea wanafunzi wa mazoezi kwa kosa hilo hilo.

Sasa najua: maji ya uvuguvugu, kuloweka usiku kucha, mchanga laini ndani na kutikisa polepole. Na glovu, kwa sababu hujui dawa gani ilikuwemo.

Jumamosi, 23 Agosti

Binti yangu amepiga simu kutoka mjini anakofanya kazi benki.

"Mama, jirani ananiambia unaokota chupa."

"Siokoti. Nachimba."

"Mama!" Akashusha sauti. "Uko sawa lakini?"

Nimemweleza kuhusu gesi na kizibo. Ameniitikia kwa ile sauti anayoitumia kwa wateja wakorofi. Mwishoni akauliza nachimba kwa nani. Nikasema kwa baba mkubwa. Hapo aliaga haraka. Yeye naye hajasahau.

Jumatano, 27 Agosti

Leo nimepata yenye gololi. Shingo imebanwa katikati, na ndani mna gololi ya kioo: haitoki wala haishuki. Gesi ndiyo iliyokuwa ikiisukuma juu izibe mdomo. Futi ameitikisa sikioni kama mtoto.

Ubavuni ina maandishi ya kuvimba, yamelika. Mimi sikuweza kuyasoma. Shemeji kaichukua, akafumba macho, akapitisha kidole. Maisha yake yote alikuwa mchora mabango. Nusu ya mabango ya maduka ya mji huu ameyaandika yeye, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Kidole kilitetemeka hata leo, lakini kilisoma.

"Hii ni S. Angalia ilivyolala. Aliyechonga hii alikuwa na mkono, shemeji. Hakukimbizwa na mtu."

Ni sentensi ndefu kuliko zote alizonipa kwa miaka miwili.

Jumatatu, 1 Septemba

Shemeji ameleta kiti chake na kukiweka pembeni ya shimo, kivulini mwa ukuta. Nikauliza cha nini. "Si Futi alisema usiingie peke yako? Yeye leo yuko kwa watu wengine."

Alikaa saa nne. Tumeongea labda maneno ishirini.

Ijumaa, 5 Septemba

Chupa mbili za dawa, moja ya wino. Joto.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimejifunza kutazama mshono. Chupa za zamani, mstari ulioachwa na kalibu ya kuumbia kioo unapanda ubavuni na kufia shingoni, kwa sababu mdomo ulimaliziwa kwa mkono baadaye. Za mashine mstari unakwenda mpaka juu. Jioni nilikagua chupa zote za jikoni kwangu, mpaka ya siki. Zote za mashine. Nimezionea huruma bila sababu.

Jumapili, 14 Septemba

Shemeji amenunua daftari la kuchorea. Anachora kila chupa tunayotoa, umbo lake na herufi zake, na urefu anaupima kwa rula. Mistari inayumba. Anasema mkono ukishika penseli chini kabisa, karibu na ncha, unatulia kidogo.

Nilimchukia mtu huyu kwa bidii, tena kwa mpangilio. Nilikuwa na sababu nzuri, na bado ninayo. Ila chuki inataka umbali. Ukikaa na mtu kutwa nzima anachonga penseli, inakuwa kazi.

Jumatano, 24 Septemba

Hamna kitu. Vumbi tu.

Alhamisi, 2 Oktoba

Futi kauliza wataanza lini kujenga, kwani mafundi wa zege wanataka siku. Shemeji kamwambia, "Mama hajamaliza." Nimesikia nikiwa chini. Nimejifanya sijasikia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Thelathini na saba nzima mpaka leo. Zimejaa rafu nzima sebuleni. Asubuhi jua likipita, ukuta wa pili unapata rangi ya kijani na kahawia. Binti yangu ameniomba picha. Akajibu: "Kumbe nzuri!" Halafu: "Baba mkubwa hajambo?"

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua ya kwanza, wiki mbili kabla ya wakati wake. Haikuchukua nusu saa, lakini shimo limepata tope la kifundo. Futi amekuja, akagonga ukuta wa kaskazini kwa kisigino, akatikisa kichwa. "Siku tano, sita, mama. Halafu tufunge kazi."

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimechimba upande wa kaskazini.

Jumamosi, 25 Oktoba

Upande wa kaskazini tena. Mvua mchana.

Jumatatu, 27 Oktoba

Kaskazini. Bado kidogo.

Jumatano, 29 Oktoba

Jana sikuandika. Nisipoandika sasa nitaanza kuikarabati hadithi hii kichwani.

Jana saa tano asubuhi nilipanda kutoka shimoni kwenda kwangu kunywa maji. Sikukaa hata dakika kumi. Nikiwa na bilauri mkononi nilisikia mshindo. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama gunia la unga limeangushwa chumba cha pili.

Nilipopita mlango wa bati kiti cha shemeji kilikuwa kitupu.

Ukuta wa kaskazini ulikuwa umeporomoka wote, kuanzia juu. Na yeye alikuwa chini. Shemeji, mtu wa miaka sabini na mmoja, ambaye hajawahi kushuka ile ngazi tangu tuanze. Udongo ulimfika kifuani. Mkono mmoja ulikuwa nje, mwingine haukuonekana. Uso ulikuwa wa kijivu kama majivu yale.

Nilipiga simu kwa Futi, sauti yangu sikuijua. Kasema yuko mtaa wa pili, anakuja na watu. Kasema, "Usimvute, mama! Usimvute hata kidogo. Toa udongo wa kifuani tu, na usikae upande wa ukuta."

Nikashuka. Kifua najua kinavyofanya kazi. Kila anapotoa pumzi udongo unashuka na kujaza nafasi, na pumzi inayofuata inakuwa fupi. Nikaanza kuchota kwa mwiko wangu wa kuchimbia, halafu kwa mikono. Kucha mbili zimeng'oka, nimekuja kuziona jioni.

"Ongea na mimi, shemeji," nilimwambia. "Ongea polepole, ila usinyamaze."

"Nilitaka nikutolee ndoo," akasema. "Umechoka siku hizi."

Nikachota.

"Shemeji."

"Nipo."

"Pale hospitali. Nilikuwa nakuja."

Sikusimama kuchota. Nilidhani kichwa kimeanza kuyumba kwa kukosa hewa.

"Kila siku nilikuja. Pale chini, kwenye benchi mbele ya dirisha la dawa. Nakaa. Nasema leo napanda. Ngazi zile... Nawaona watu wanashuka na vyombo vyao kwenye mifuko. Sikuweza. Jioni narudi."

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu."

"Uliogopa."

"Niliogopa," akasema. "Hakuna kingine. Nimetafuta neno lingine miaka miwili, sina."

Futi alifika na watu watatu. Wakaegemeza mbao kwenye ule udongo uliobaki juu, wakachimba kwa makarai na mikono, taratibu, kama wanavyotoa chupa. Ilichukua muda wa kuchemsha maharage. Mguu wa kulia umevunjika mahali pawili chini ya goti. Mbavu mbili zimepata ufa. Mapafu yako salama. Daktari kasema dakika chache zaidi na tungekuwa tunaongea mengine.

Alhamisi, 30 Oktoba

Hospitali. Amelala. Nimekaa.

Ijumaa, 31 Oktoba

Wamemfunga plasta mpaka pajani. Wauguzi wananijua, wakaniletea chai. Wote wanasema jambo moja: "Umemwokoa shemeji yako." Mfanyakazi mwenzangu wa zamani kaniita shujaa mbele ya wodi nzima. Binti yangu kalia kwenye simu akasema anajivunia.

Jumapili, 2 Novemba

Futi amekuja kwangu baada ya kufukua ngazi na vifaa. Hakukaa. Katoa kitu mfukoni, kimefungwa gazeti.

Ni chupa ya buluu, ile buluu nzito. Ina pembe sita, na pembe tatu zimepigwa matuta, ili mtu akiishika gizani vidole vimwambie kwamba hii ni sumu. Nzima. Hata mdomo haujabanduka.

"Ndiyo hii uliyokuwa unaifuata?" akauliza.

Nikaipokea kwa mikono miwili.

"Nimeona shimo chini ya ukuta, mama. Futi mbili kwenda ndani. Mvua haichimbi mviringo." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa nafuu angenifokea. "Mimi sina la kumwambia mtu. Mzee ni wako."

Akaenda.

Sasa niandike. Ijumaa ile ya tarehe ishirini na nne niliona rangi ya buluu, upana wa ukucha, chini kabisa ya ukuta wa kaskazini. Nilijua ni nini. Nilikuwa na siku tano. Ningeweza kuanza juu, kuushusha ukuta tabaka kwa tabaka kama nilivyofundishwa, lakini hiyo ni kazi ya wiki mbili. Nikaingia kwa chini. Kila siku kidogo, mkono mmoja, halafu mpaka bega. Kila nilipotoka niliegemeza karai pale ili shemeji asione kutoka juu. Nilimficha mlinzi wangu. Na hata humu, kwenye daftari langu mwenyewe, ambalo hakuna anayelisoma, niliandika "upande wa kaskazini" na kuishia hapo. Mtu anayejua anafanya nini huandika hivyo.

Nilipokwenda kunywa maji nilikuwa nimeshaigusa.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua kutwa. Nimempelekea supu wodini. Kasema anajilaumu kwa kushuka, amenipa usumbufu uzeeni. "Nilisahau mwili wangu una miaka mingapi." Nimemwambia ale kabla haijapoa.

Ijumaa, 7 Novemba

Karuhusiwa. Tumemrudisha nyumbani kwake na magongo. Mlango wa bati hatuufungi tena, ili nimsikie akiita.

Jumamosi, 8 Novemba

Jirani kaleta ndizi. "Shujaa wetu!" Nimemshukuru. Nimeingia ndani nikaketi kwenye kiti cha chooni kwa muda mrefu, maana ndicho chumba pekee kisicho na chupa.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemwambia.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, nimeyapiga pasi kabisa. Nilipofika alikuwa kitandani, mguu juu ya mito, anachora kutoka kumbukumbu. Maneno yote yakayeyuka. Nikaweka ile chupa ya buluu juu ya shuka.

"Ukuta haukuanguka kwa mvua," nikasema. "Nilichimba chini yake. Siku nne. Nilikuwa natafuta hii."

Akaitazama. Hakuigusa.

"Futi alikukataza."

"Alinikataza."

"Ulijua unaweza kuanguka."

"Nilijua."

"Nikiwa nimekaa pale juu. Nakulinda."

"Ndiyo. Niliweka karai usione."

Nje mvua ilikuwa imekatika, maji yanadondoka kutoka kwenye bati moja moja. Nilitaka aseme chochote. Nilitaka pia kumwambia kwamba nilidhani ukuta ungeniangukia mimi, kwamba sikuwaza mtu mwingine angeshuka. Ni kweli, lakini ukweli huo ulikuwa wa kunisaidia mimi peke yangu, nikaumeza.

Akasema, "Nenda nyumbani, shemeji."

Nikaenda. Chupa nimeiacha pale.

Jumatano, 12 Novemba

Nimepeleka chakula. Mlango wa bati umefungwa kwa ndani. Sijui alifikaje pale na magongo.

Alhamisi, 13 Novemba

Umefungwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Umefungwa. Futi ndiye anampikia. Sikujua anajua kupika. Kapita kwangu kuazima chumvi, nikamuuliza mzee anaendeleaje. "Ananyamaza futi ishirini," akasema, na safari hii hakucheka.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimempigia binti yangu nikamweleza yote. Nilitegemea atanitetea, watoto hututetea hata tusipostahili. Akasema, "Mama, ungemuua." Baadaye, kwa sauti ndogo, "Au ungekufa wewe, nami ningekuwa nimekucheka tu kwenye simu." Kasema anachukua likizo anakuja.

Nimefikiri sana kuhusu lile benchi. Nimelipita mara elfu, maabara ilikuwa korido ile ile. Wiki zile tatu nilikuwa napita pembeni, kwa ngazi za nyuma, kwa sababu zilikuwa karibu na wodi yake. Mtu alikaa pale siku ishirini na moja na mimi sikumwona. Hainifanyi nimsamehe. Mume wangu alimhitaji juu, si chini. Lakini nilikuwa nimembebesha kiburi miaka miwili, kumbe mzigo wake ulikuwa wa aina nyingine. Mimi nilidhani nasoma watu vizuri. Nilikuwa nasoma mshono tu.

Alhamisi, 20 Novemba

Bawaba zimelia asubuhi, nikajua.

Alisimama mlangoni kwangu na magongo, jasho linamtoka kwa hatua kumi na tano tu. Safari hii nilimkaribisha. Akaketi kwenye kiti cha marehemu mdogo wake bila kujua, au akijua.

"Nimekasirika," akasema. "Nataka ujue hilo kwanza. Bado nimekasirika."

"Una haki."

"Usinipe haki. Nisikilize." Akaweka magongo sakafuni. "Nimekaa nikahesabu. Wewe umeniambia siku ya kumi na nne. Hakuna aliyekulazimisha, Futi alishanyamaza. Mimi imenichukua miaka miwili, na ilibidi nizikwe mpaka kifuani."

Sikujua nicheke au nilie. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, akashika mbavu, akaomba nisimchekeshe, wakati sikuwa nimesema neno.

Tulipotulia nikamwambia lile ambalo sijamwambia mtu, hata binti yangu.

"Alikuwa anakuulizia. Kila jioni. Kaka amekuja? Nami kila jioni nilimjibu: amekuja, ulikuwa umelala, hakutaka kukuamsha."

Shemeji akainua macho.

"Nilidhani namdanganya," nikasema. "Nilikuchukia zaidi kwa hilo, kwamba umenifanya nimdanganye mtu anayekufa."

"Alikuamini?"

"Alitabasamu kila mara. Siku moja akasema, kaka anatembea kimya sana, tangu utotoni."

Alilia kama wazee wanavyolia, bila sauti, mikono juu ya magoti, na mimi sikumnyamazisha. Chai ilipokuwa tayari tukanywa.

Jumamosi, 29 Novemba

Binti yangu amefika. Kamsalimia baba yake mkubwa kwa kupiga goti, halafu kamkaripia kwa kushuka ngazi, halafu kanikaripia mimi. Tumekaa sote wawili kama wanafunzi waliochelewa. Jioni kapanga upya rafu yangu yote, kwa rangi. Nimeirudisha ilivyokuwa, kwa umri.

Ijumaa, 5 Desemba

Mvua kubwa.

Jumatano, 17 Desemba

Shimo lote limefukiwa. Tangi litajengwa upande mwingine, ambako udongo haujawahi kuchimbwa. Futi kasema chini ya ule ukuta wa kaskazini bado kuna majivu, hayajaisha. Nikasema yabaki.

Jumamosi, 10 Januari

Mvua zimekata. Plasta imetolewa, mguu umekuwa mwembamba kama wa korongo, maneno yake mwenyewe. Anatembea na fimbo.

Jumanne, 20 Januari

Futi kapiga simu asubuhi. Anachimba msingi kwa mtu, ng'ambo ya barabara kuu, na kakutana na majivu. Mwenye kiwanja amekubali tuangalie kwa siku tatu.

Nilimwambia Futi mimi basi, nimeacha. Nikamwambia pia shemeji, tukiwa kwenye chai, kwamba nimeacha. Akanywa chai yake yote, akainuka, akachukua fimbo, akatoka. Nikadhani amekwenda kulala.

Nikasikia kiti kinaburutwa. Nilipotoka nje nilimkuta kakishika kwa mkono mmoja, fimbo mkono wa pili, daftari la kuchorea kwapani, anaelekea barabarani kwa hatua zake fupi.

"Shemeji, unakwenda wapi na kiti?"

"Kwa Futi."

"Nimekwambia nimeacha."

"Nimesikia." Hakusimama. "Utachimba kutoka juu, tabaka kwa tabaka. Mimi leo sitakutazama wewe. Nitautazama ukuta."

Nikarudi ndani kuchukua mwiko na glovu. Kisha nikamkimbilia, nikampokea kile kiti.